Mama-Mukwe Anataka Kupanda Mutumbwi Yetu

Mama Immaculée, mushauri ya gazeti, ule unatafuta ni miye. Ni miye. Kwa gazeti ya juma ilipita uliuliza, "Kati yenu wanaume ya Bunia, nani anaogopa mama-mukwe kuliko bibi yake? Ajitokeze." Tulikuwa tunasoma kwa saluni ya Gustave kinyozi. Watu wote wakaanza kuangalia kioo, na miye nikainua mukono hapo hapo na sabuni kwa shingo, Gustave akasema, "Orly, shusha mukono, nitakukata sikio." Basi nilishusha mukono, nikakamata biki nikuandikie. Mushauri mupenzi, naomba unikamate mbele sijaanguka, juu hii mambo yangu iko na maji ndani kabisa, maji ya kweli, na miye sijui kuogelea.

Kwanza unijue. Naitwa Orly, nakaa Bigo, hapa hapa Bunia. Masomo yangu iliishia chini kule kwa shule ya musingi. Mwalimu alisema kichwa yangu ni ya kuuza, siyo ya kusoma, na alisema kweli, juu siku ile ile nilimuuzia biki yake mwenyewe. Leo nauza miwani ya jua na kofia, nakutafutia nyumba ya kupanga, nakutafutia kuku, na kama matanga yako haina mutu ya kulia na nguvu, uniite, nalia muzuri. Bibi yangu ni Ketsia, anashona nguo. Anashona siku yote, na triko ya baridi kwa mwili, juu asubui ya huku kwetu unaijua, ile ukungu inakuya kukaa kwa meza kama mugeni. Mwaka huu aliniambia, "Orly, sitaki kikwembe, sitaki simu mupya. Nataka konje, mapumziko ya kweli. Siku kidogo tu, fasi ya joto, maji inafika kwa magoti, na samaki nimevua na mukono yangu miye mwenyewe." Bibi ya namna hii haupate kila siku, mushauri. Nikaanza kupanga.

Na miye nikipanga, napanga mukubwa. Nilianza na bahari. Nilionaga video ya watu kule Muanda, mwisho ya Congo yetu, wanatupa ndoano kwa bahari wamevaa kaputula, wanacheka tu. Nikamuonyesha Ketsia. Akauliza, "Muanda tunafika na nini?" Nikasema ndege mpaka Kinshasa, kisha ndege ingine ndogo, kisha tutauliza njia. Alicheka mpaka akajichoma na sindano. Nikasema basi Mombasa, tupite Uganda, bisi kisha bisi kisha bisi. Akauliza, "Na cherehani yangu itakaa na nani wakati siye tunazeekea kwa bisi?" Njo nikaona kumbe natafuta mbali kitu iko chini ya miguu. Maji ya joto iko Kasenyi! Unatoka Bunia na triko, unashuka mulima, katikati unatoa triko, ukifika kwa ziwa unatafuta kivuli. Ile samaki tunakula huku juu inapandia kule. Mara hii siye njo tuifuate kwake.

Niko na rafiki kule, Katsuva, muvuvi, mutumbwi yake iko na motere. Akasema, "Leta bibi, nitawaonyesha fasi tilapia inapenda, na Mungu akipenda ata kapiteni, ile samaki kubwa, itakuya kuwasalimia." Muzuri sana. Watu wawili, mutumbwi moja, jua. Hapo njo shida iliingia, na iliingia na mulango ya mbele.

Lazima nieleze kidogo, juu wasomaji wengine mulilelewa tofauti. Kwa watu ya bibi yangu, mukwe mwanaume na mama ya bibi yake hawashikane mukono, hawakule pamoja, hawakae kwa mukeka moja. Nikimuona kwa njia, naingia ndani ya majani mpaka apite. Akitaka kuniambia neno, anamwambia Ketsia, ata kama miye niko hapo pembeni nimesimama kama muti, na miye najibu kwa Ketsia. Hiyo yote tunaita haya, na inaisha siku mukwe anapeleka mbuzi. Wanaichinja, mama mwenyewe anakupa nyama na mukono yake, unakula mbele yake, imeisha, muko watu ya kusalimiana. Ile mbuzi nilisema nitaleta. Tangu ndoa nilisema nitaleta. Mara mvua, mara kazi, mara mbuzi yenyewe nilimuona kwa soko uso yake haikunifurahisha. Na nikuambie siri, mushauri, ile haya ni kitu muzuri. Mama-mukwe hawezi kuniuliza, "Orly, kazi yako kabisa ni gani?" Wanaume wengine ya ile familia wanaulizwa mpaka jasho inatoka, miye natembea bila wasiwasi.

Sasa siku ile nilikuwa kwa uwanja ya nyumba naongea na Katsuva kwa simu. Nilifungua sauti yote, simu iko kwa kiti, mikono yangu inaanika shuka kwa kamba. Sikusikia mulango. Mama Godelive, mama ya Ketsia, aliingia na kikapo ya mihogo kwa kichwa. Nikafanya kile mukwe mwenye adabu anafanya, nikaingia nyuma ya shuka. Lakini simu ilibaki kwa kiti, na Katsuva ndani ya simu anapiga kelele, "Orly! Uniambie, kwa mutumbwi muko wangapi?"

Mama Godelive akatua kikapo. Akaita binti yake, lakini kwa sauti ya kufika kwa jirani.

"Ketsia! Uliza ule mutu iko nyuma ya shuka, ni mutumbwi gani?"

Ketsia akatoka na uzi kwa meno. "Mama anauliza ni mutumbwi gani."

"Umwambie mama ni mutumbwi ya Kasenyi. Tunaenda kuvua samaki kidogo, konje."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Umuulize kama fasi iko."

Mushauri, hapa njo nilijiua. Kazi yangu unaijua. Mutu akiniuliza kama nyumba iko, kama kofia ya kichwa yake iko, kinywa yangu inajibu mbele ya kuniomba ruhusa. "Fasi iko! Fasi iko mingi!" Nilisema na furaha ya soko. Ata nikaongeza, "Mwenye kufika wa kwanza njo anachagua!"

Shuka haikutikisika. Ketsia akatoa uzi kwa meno. Kisha Mama Godelive akasema, pole pole, "Ketsia, umwambie basi nakuya. Nilizaliwa kwa ile maji. Tangu niliolewa huku juu kwa baridi, sijatupa ndoano ata siku moja. Nitaleta mihogo." Akafungua kikapo, akaacha mihogo ingine kwa jikoni, akaenda zake. Na Katsuva kwa simu, "Orly, ule mama ni nani? Sauti yake ni ya kwetu kabisa!"

Nilifikiri Ketsia atacheka. Alikaa kwa kiti ya cherehani, akasema maneno hii, naandika vile alisema juu inanikalia kwa kifua: "Mama yangu akuye, ni furaha yangu. Lakini vile muko, miye nitakaa katikati ya mutumbwi, mama anasema, Orly anasema, mama anauliza, Orly anajibu. Hiyo siyo konje. Hiyo ni kazi ya posta, na huku Bunia naifanya kila siku. Utengeneze hii mambo, Orly. Hautaitengeneza, nitashuka na mama, siye wawili, weye utabaki kulinda cherehani."

Haikuwa hasira. Hasira naiweza, nafanya sura kidogo, nacheza kidogo, inaisha. Ilikuwa uchovu, na uchovu sijui kuichekesha.

Basi nilijaribu yote. Nilimuomba Katsuva mutumbwi ya pili. Anasema iko, lakini inakunywa maji kuliko ng'ombe. Nikasema tufunge shuka katikati ya mutumbwi, mama upande yake, miye upande yangu, Ketsia achague. Katsuva alicheka mpaka nikasikia wavuvi wengine nao wanacheka pembeni yake. "Orly, pepo ya ziwa ikikamata hiyo shuka, mutafika Uganda bila motere." Nikafikiri nikae mbele kabisa, uso kwa maji. Lakini hapo nampa mama-mukwe mugongo tangu asubui, na hiyo ni matusi kuliko kumuangalia. Nikae nyuma kwa motere? Basi ni yeye ananipa mugongo, na siku anageuka kunionyesha samaki tunaonana uso kwa uso, na ziwa haina kamba ya nguo. Na kaputula! Fasi ya joto mutu anavaa kaputula. Mama-mukwe ataona magoti yangu, mushauri. Magoti ya mukwe!

Tena iko hii inanikatisha chakula. Yeye anaogelea kama samaki, Ketsia alinieleza, na miye nikiingia kwa maji naenda chini kama jiwe iliyovaa viatu. Nikianguka, mama-mukwe anaruhusiwa kunikamata nywele? Na yeye akianguka, ninyooshe mukono, ao nimwambie Ketsia amwambie kwamba mukono yangu iko hapa? Nilifikiri pia nijifanye mugonjwa wa malaria, lakini hapo watashuka wawili na miye nabaki na cherehani, ni mule mule.

Njo nakuomba hivi. Mama Godelive hakusoma mingi lakini kila juma jirani anamusomea gazeti yako, na neno yako kwake ni amri. Weye andika tu, kama mutu anayesema na hewa, kwamba hii mwezi ziwa iko mubaya kwa bamama ya umri yake, jua inaleta kizunguzungu, wabaki nyumbani wakunywe chai. Barua yangu usiitie kwa gazeti. Miye nitakuletea kapiteni mbichi mpaka kwa mulango ya gazeti, na miwani ya jua juu yake, ile kubwa ya kufunika uso nusu. Safari ni juma inayokuya, tafazali usichelewe.

Ni miye, Orly wa Bigo, mwenye kusema kutoka nyuma ya nguo.

MAMA IMMACULÉE ANAJIBU

Orly, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikatafuta kiti. Kisha nikakupigia simu nikuulize kama naweza kuitia yote kwa gazeti. Ulicheka ukasema, "Mama, kama itanisaidia, tia ata na foto." Foto sitii. Barua njo ile hapo juu, yote. Mama Godelive, kama jirani anakusomea, hujambo mama. Ubaki unasikiliza, maneno yako iko mbele kidogo.

Nianze na ya maji, juu maji haingoje mutu. Ukianguka, mama-mukwe wako atakukamata nywele, sikio, kaputula, kitu yoyote mukono yake inafikia. Yeye akianguka, unanyoosha mukono hapo hapo bila kumuita mutu ya katikati. Hakuna desturi ya kwao wala ya kwetu inayosema mutu azame juu ya heshima. Mbele ya kusema habari ya samaki, umuulize Katsuva kama iko na gilé ya kuelea, ya kila mutu, na ya kipimo yake. Haiko? Mutumbwi isitoke. Mutoke asubui wakati ziwa imetulia, murudi mbele pepo haijaamuka. Na barabara muulizie kama iko salama siku ile ile ya kushuka, siyo siku moja mbele yake. Ya maji nimemaliza.

Sasa ya kwako. Neno ya uongo kwa gazeti yangu haiingie. Nimwambie mama mwenye kuzaliwa kwa ziwa kwamba ziwa itamupa kizunguzungu? Angenicheka na Kasenyi yote ingecheka naye. Kapiteni yako ukule na bibi yako. Miwani ya kufunika uso ubaki nayo, weye njo utaihitaji.

Unasema unaogopa Mama Godelive. Hapana, kijana. Mutu mwenye kuogopa mama-mukwe anapeleka mbuzi haraka ili ile woga iishe. Weye uliandika na mukono yako, "ile haya ni kitu muzuri." Umejenga nyumba ndani ya ile haya, unakaa humo umenyoosha miguu, na mulango ya ile nyumba ni Ketsia. Huyu anafungua, huyu anafunga, siku yote. Nimecheka na shuka yako, nimecheka na magoti yako, lakini hapa kwa Ketsia sikucheka. Anashona nguo ya watu mpaka mugongo inauma, kisha anashona maneno yenu weye na mama yake. Akaomba konje, na weye ukatafuta namna ya kumupeleka posta ndani ya maji. Sasa ukanitafuta na miye niwe posta ya pili! Nimekataa.

Nikueleze kitu wanaume hamuambiwe. Miye pia ni mama-mukwe, najua. Mbuzi ya kuondoa haya haiombwe. Mama akiiomba na kinywa yake ameharibu heshima yake na ya binti yake, watu watasema alikuwa na njaa ya nyama. Basi anangoja. Anaona wakwe wengine wameshaleta, wanakula naye, wanamubebea kikapo, na ule wa Bigo bado anaruka ndani ya majani. Atafanya nini? Iko kitu moja tu anaweza kufanya: kujialika fasi ambayo ninyi wawili hamuwezi kukimbiana. Alisikia mutumbwi, akaona njia yake. Mwenye kukulia kwa mitumbwi anajua kuliko weye kwamba ndani hamuna fasi ya kujificha. Orly, ule mama hakukuomba samaki. Alikuomba mbuzi, na weye ukamujibu kama muteja ya kofia.

Mama Godelive, kama nimekosa, uniandikie. Sifikiri nimekosa.

Basi ufanye hivi, na usinibadilishie. Mbele ya kushuka, mbuzi ifike. Mbuzi muzima, inayolia, inayokula maua ya watu kwa njia. Siyo nyama ya kilo, siyo "nitaleta tukirudi," na siyo mbuzi umeazima kwa rafiki, juu nakuona unafikiri. Utafute mutu mukubwa ya kwenu akusemee mbele yao, na weye siku hiyo unyamaze. Ni siku moja tu, hautakufa. Mama akikunyooshea nyama, kamata na mikono mbili, kula, usifanye sura ya kuchekesha watu. Kisha umuulize na sauti yako mwenyewe, "Mama, kwa mutumbwi unapenda kukaa wapi?" Hiyo njo itakuwa neno yako ya kwanza kwake. Usiitupe kwa mambo ingine.

Sanduku ya miwani na kofia ibaki Bigo. Haukuandika kwamba utaibeba, lakini nimekusoma.

Na siku ya kwanza kule chini, Ketsia asipande mutumbwi. Ndiyo, umesoma muzuri. Abaki kwa kando ya ziwa, kwa fasi wenyeji watamuonyesha, juu kiboko nayo inapenda maji ya joto. Akae, magoti ndani ya maji, ndoano kwa mukono, mutu asimuite. Kwa mutumbwi mupande weye na mama yake, na Katsuva kwa motere. Mutavua, mutasema, mutakosana kidogo kama watu, na hakuna mwenye kupeleka neno ya mwingine. Siku hiyo ukipiga kelele kutoka katikati ya ziwa, "Ketsia, mama anasema nini?", basi hauna konje, na usiniandikie tena.

Mbuzi, Orly. Juma hii, siyo ile ingine.

ORLY ANARUDI NA NENO KIDOGO

Mama Immaculée, tumerudi Bunia jana. Ngozi ya pua yangu imebaki Kasenyi.

Mbuzi ilienda. Baba mudogo Alphonse alinisemea, alisema muda murefu, mbuzi naye akasema, na miye nikanyamaza mpaka mutu akaniuliza kama ni meno inaniuma. Mama Godelive akanipa ini na mukono yake. Nikakula. Nikamuuliza ile neno uliniambia, mama unapenda kukaa wapi kwa mutumbwi. Akaniangalia kwa uso, na miye nikamuangalia, mara ya kwanza tangu nilimuoa mutoto yake, nikaona kumbe macho ya Ketsia ilitoka hapo. Akasema, "Fasi ambayo nitakusikia muzuri. Niko na maulizo."

Mushauri, habari ya maulizo haukuniambia! Tulifika katikati ya maji, Katsuva akazima motere, na ikaanza. "Orly, kazi yako kabisa ni gani?" Nikasema nauza miwani, nakutafutia nyumba. "Miye sitafute nyumba. Orly, paa ya jikoni inavuja, unangoja nani? Orly, juu ya nini binti yangu anabeba makaa yeye mwenyewe na weye uko na pikipiki?" Nikitazama kushoto, maji. Kuume, maji. Nyuma, Katsuva anachekea ndani ya kofia. Na wakati anauliza anavuta tilapia, moja, tena moja, bila kuangalia uzi. Miye nilivuta majani. Kisha kitu ikanivuta kwa nguvu, nikajua ni kapiteni, nikasimama, mutumbwi ikacheza, na Mama Godelive akanikamata kwa shingo ya shati na mukono moja, akanikalisha, samaki ikaenda zake. "Kaa. Hatujamaliza."

Nikakaa. Nikajibu. Ile ya paa nikajibu kweli, kwamba nilikuwa naona ile maji inadondoka na nilikuwa nahamisha sufuria tu. Kisha akanifungia chambo kwa ndoano, akasema, "Tupa kule, siyo hapa. Hapa unawatisha." Alisema na miye. Hakumwambia mutu aniambie.

Tulipokuwa tunarudi tukapita karibu na kando, na Ketsia iko pale, magoti ndani ya maji, kofia moja ya kwangu kwa kichwa. Nikainua mukono. Mama yake naye akainua mukono. Ketsia alituangalia wote wawili, akangoja kidogo kama mutu aliyezoea kuitwa. Hakuna mutu alimuita. Basi akafunga macho, akapeleka uso kwa jua. Alivua samaki moja siku ile, ndogo kama kidole gumba, akakataa tumusaidie kuikaanga. Paa ya jikoni naanza kesho, nimeshaazima ngazi.

Sasa weye musomaji, unayecheka hapo kwa saluni ya Gustave, nasema na weye. Mama Godelive alipenda, anataka turudi kwa konje ingine, na amesema maulizo ile ilikuwa ya kufungulia tu. Basi tupatane hivi. Kama uko na mama-mukwe na mbuzi bado haijaenda, kuya Bigo, uliza Orly. Nitakutafutia mbuzi ya uso muzuri, nitavuta kamba, nitakusindikiza mpaka kwao na kukusemea, sitauza kitu kwa njia. Pesa yako sitaki. Weye kwa upande yako, siku tutashuka, unakaa ndani ya mutumbwi katikati yangu na mama-mukwe wangu, na kila akifungua kinywa kusema "Orly," weye unamuwahi, "Mama, zamani kapiteni ilikuwa kubwa namna gani?" Hapo ataeleza mpaka jua inaanguka, na miye nitapata kuvua ata samaki moja kwa maisha yangu. Unasema nini, tunapatana?